Matundu ya Upande wa Kulia

Jaketi halina miguu. Hilo ndilo neno la kwanza lililomtoka Shangazi alipofungua kabati na kukuta henga inaning'inia peke yake, na alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

Jikoni, wifi yake alianza ghafla kusugua sufuria.

"Wifi, jaketi langu liko wapi?"

"Mimi sijui, wifi. Muulize mdogo wako."

"Mdogo wangu hayupo. Uliyepo ni wewe."

Sufuria ikasuguliwa mpaka ikakaribia kuomba msamaha. Mwishowe wifi, ambaye uongo haukuwahi kumkaa vizuri mdomoni, akasema mumewe ametoka asubuhi na mfuko, na mfuko ulikuwa mzito, na alimsikia akimtaja fundi wa mikoba. "Lakini mimi sijakwambia kitu," akamalizia.

Shangazi alikuwa amerusha ndege za mizigo kwa miaka mingi, mpaka goti lilipomstaafisha. Jaketi lile la ngozi ya kahawia alipewa kikosini alipofuzu. Kifuani, upande wa kushoto, lilikuwa na kibandiko cha ngozi chenye jina lake na mabawa ya rangi ya dhahabu juu yake. Majaketi kama hayo hayatolewi tena. Marubani wa siku hizi hupewa ya kitambaa. Na mdogo wake, muuza magodoro ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Godoro, alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, na mtoto huyo alikuwa anafuzu urubani katika kikosi kilekile, avishwe mabawa yake Jumamosi ya wiki hiyo.

Kwa wiki nzima Bwana Godoro alilizungukia kabati la dada yake kama paka aliyenusa samaki. Kila wakikaa mezani alianza na methali.

"Chanda chema huvikwa pete, dada."

"Huvikwa pete yake," Shangazi alimjibu, "si ya shangazi yake."

Alidhani yameishia pale. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilikuwa kimeondoka na nguo yenyewe. Akavaa viatu, akashuka ngazi huku goti likimlalamikia, akaenda zake kwa fundi.

Kibanda cha fundi wa mikoba kilibanwa kati ya kinyozi na muuza simu. Zipu za kila rangi zilining'inia mlangoni, na harufu ya gundi ilimpokea mtu kabla ya fundi mwenyewe. Jaketi lilikuwa limelazwa kwenye cherehani. Pale kushoto, jina lake lilipokuwa, palibaki mstatili wa ngozi iliyokolea rangi, umezungukwa na matundu ya sindano. Kulia palikuwa pamebandikwa kibandiko kipya, gundi yake bado mbichi, chenye jina la mtoto wa Bwana Godoro. Sindano ilikuwa juu yake na mguu wa fundi ulikuwa tayari.

"Inua mguu," akasema Shangazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inua mguu."

Fundi akainua. "Mama, kuna nini? Mwenyewe ameniagiza..."

"Mwenyewe ndiye mimi. Jina langu umelitupa wapi?"

Halikuwa limetupwa. Lilikuwa kwenye kopo la vifungo, limepinda ncha moja. Shangazi alilishika, akainyoosha ile ncha kwa kidole gumba. Akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Fundi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaeleza alivyoagizwa. Jaketi lilikuwa na matundu pande zote mbili, ya kushoto alipofumua jina na mengine ya zamani upande wa kulia, nayo yaliharibu sura. Basi jina la kijana lifunike ya kulia, na nembo kubwa ya kikosi ifunike ya kushoto. "Nikaona mzee ana akili," akasema fundi.

Shangazi akacheka, kicheko kikavu cha mara moja. "Ana akili ya magodoro. Kikosini kwetu jina la rubani hukaa kushoto. Kulia ni la watu wa chini: wa stoo, wa jikoni, wa ofisini. Jumamosi kijana angeingia gwaridani na mabawa mapya huku kifua kinasema yeye ni mpishi. Wangemcheka mpaka astaafu."

"Sasa haya matundu ya kulia ni ya nini, kama wewe ulikuwa rubani?"

Kabla Shangazi hajajibu, mlangoni zipu zilitikisika na Bwana Godoro akaingia, ameshika pochi, anatabasamu. Alipomwona dada yake, tabasamu likakosa pa kwenda.

"Dada! Nilitaka kukushtua."

"Umenishtua."

"Kutoa ni moyo, dada."

"Na kuchukua bila kuomba ni nini?"

Bwana Godoro akamtazama fundi, fundi akazitazama zipu. Basi akaamua kuwa mkali, maana mwenye kosa akikosa hoja hupandisha sauti. "Ni ngozi tu! Wewe huruki tena. Liko kabatini linaliwa na vumbi, na mtoto anaanza maisha. Nani analiona jina lako humo ndani?"

Hapo palimuuma. Shangazi hakuwa mtu wa kuficha maumivu, kwa hiyo macho yakamlowa, na hakuyafuta.

"Siruki tena, kweli," akasema. "Lakini nilisharuka. Hilo hamwezi kulifumua. Kaa chini."

"Niko sawa nikisimama."

"Kaa, mdogo wangu. Hadithi hii hujawahi kuiuliza."

Bwana Godoro akakaa juu ya rundo la mabegi.

"Nilipofuzu," akasema Shangazi, "fundi wa kikosi alichukua jaketi langu, akalirudisha jina likiwa kulia. Nikamwambia, kaka, umekosea upande. Akaniambia, sijakosea, dada, nimeagizwa. Wakubwa walisema mwanamke ataachwa arushe ndege kidogo kwa ajili ya picha, kisha atapelekwa stoo, kwa hiyo jina likae huko huko mapema. Basi nikaenda nalo bwaloni, saa ya chakula, watu wote wanakula. Nikalilaza mezani, nikachukua wembe, nikafumua uzi mmoja mmoja. Hakuna aliyetafuna. Nikalishona kushoto kwa mkono wangu, na nilikuwa sijui kushona."

"Wakafanya nini?" akauliza fundi.

"Wakaninyima ndege mwezi mzima. Nikawa nashinda nje ya karakana na jina langu upande wa marubani, wenzangu wanapaa, mimi nahesabu mawingu. Wakaniambia, lirudishe kulia upewe ndege. Nikakataa. Mwisho rubani mmoja akaugua, mizigo ikawa inaoza, wakanipa. Sikushuka tena."

Akaweka kidole upande wa kulia, karibu na gundi. "Marubani wote hapa hushona nembo ya kikosi. Mimi yangu niliishona kwenye mkono wa jaketi. Haya niliyaacha wazi makusudi. Ngozi si kitambaa, tundu lake halifungi. Na wewe ukaja na gundi."

"Nilitaka mtoto apendeze," akasema Bwana Godoro kwa sauti ya chini.

"Najua. Ningenyamaza, Jumamosi angechekwa na ungeaibika wewe. Tena usidhani sikufikiria kunyamaza."

Fundi akabandua kibandiko kipya taratibu na kuifuta gundi kwa kitambaa. Kisha akanyoosha mkono alipokee na lile jina la zamani. "Lete, mama. Mashine dakika moja tu."

"Mashine itatoboa matundu mengine kando ya haya, ngozi ichanike. Nipe msharasi wako wa kutobolea ngozi, sindano mbili na uzi wenye nta. Litarudi kupitia matundu yake yaleyale." Akamgeukia mdogo wake. "Macho yangu siku hizi ni ya mbali. Tunga uzi."

"Mimi?"

"Kuna mwingine aliyeagiza lifumuliwe?"

Bwana Godoro, mwenye vidole vinene vya kubeba magodoro, akalamba uzi, akakosa, akalamba tena. Kinyozi wa jirani alichungulia kuona kimya hiki kimetoka wapi. Jasho likamtiririka muuza magodoro, na alipofanikiwa alijisifu kidogo kabla ya kukumbuka yuko kwenye adhabu. Shangazi akashona. Kila tundu aliligusa kwanza kwa ncha ya msharasi, ndipo akapitisha uzi, na mdogo wake akashikilia kola ili ngozi isikunjike.

"Na mtoto atavaa nini?" akauliza Bwana Godoro.

"Atavaa lake la kitambaa. Jina lake nitamshonea mimi mwenyewe, kushoto. Matundu atayapata mwenyewe huko mbele, asiwe na haraka."

"Sawa. Lakini hayo ya kulia, dada, tuyawekee japo kanembo kadogo. Watu watauliza."

"Waache waulize."

Jumamosi jua lilikuwa kali, watu wamejificha chini ya miavuli, na Shangazi aliketi mstari wa mbele ndani ya ngozi ile, amefunga zipu mpaka shingoni. Wifi alimnong'oneza mara mbili alivue, asije akazimia. Alikataa mara mbili. Uwanjani kijana alipita akitembea kwa mwendo wa gwaride, jina kushoto, limenyooka, na alipofika usawa wao aliiba jicho moja kuelekea kwa shangazi yake.

Sherehe ilipokwisha, mkuu wa kikosi alizunguka akisalimia familia. Alifika kwa Shangazi, akasoma jina na mabawa, akampa mkono kwa heshima. Kisha macho yake yakahamia upande wa pili na kubaki hapo.

"Mama, hapa palikuwa na nini?"

Bwana Godoro, aliyezoea kuuza, akawahi. Alitaka shughuli iende laini. "Ah, mkuu, mambo madogo. Zamani kuna fundi alikosea upande."

"Hawakukosea," akasema Shangazi, kwa sauti iliyowafikia hata wale wa miavuli ya nyuma. "Walikusudia. Aliyekosea ni huyu hapa, na yeye ameshatunga uzi."

Kijana aliyekuja kuwakumbatia akasimama palepale. Msichana mmoja aliyefuzu naye akageuka, akalitazama jina kushoto kwenye jaketi lake mwenyewe, halafu matundu ya kulia ya Shangazi.

Mkuu akakohoa. "Basi, mama, hayo ni ya zamani."

"Ni ya zamani," Shangazi akakubali. "Ndiyo maana nimekuja nayo."

Na jaketi hakulivua mpaka walipofika nyumbani.