Kengele za Profesa Quandt

Nasema wazi: hadi leo nikiiona picha ya Profesa Quandt gazetini, kinyaa kinanishika.

Alois Rettenbacher, mtunzi wa bonde letu hili la Enns, alikufa akiwa hajaumaliza muziki wake wa Mateso ya Bwana. Kila Ijumaa Kuu kwaya yetu iliuimba hadi pale kalamu yake ilipokomea, kisha tukatoka kanisani kimya. Dada yake, Bibi Zenzi, hakukosa hata mara moja. Sasa alikuwa kizee, haoni, na alikuwa na haja moja tu duniani: kuusikia mwisho kabla hajafa.

Ndipo padri akamleta Quandt, profesa wa muziki, kutoka Berlin aje aumalizie. Mlutheri, mtu wa kujisikia, hakumuuliza mtu kitu. Alikula keki zetu, akaisifia milima, akaenda zake, akarudi na kurasa. Nilipozifungua mazoezini nilidhani macho yananidanganya. Bwana akishakata roho tu, tarumbeta, kinanda, na kengele.

Kwetu Wakatoliki kengele hunyamaza Alhamisi Kuu, na watoto huambiwa zimekwenda Roma. Hadi mkesha wa Pasaka tunaitana kanisani kwa vigongo vya mbao. Hata walevi wetu wanalijua hilo.

"Padri, huyu anatuchezea," nilisema.

"Mama Burgl, hizo si za mnarani. Ni ala za bendi tu."

"Basi na mimi Ijumaa nitakula soseji, niseme si nyama, ni kitafunio tu."

Padri akacheka. "Redio inakuja kututangaza, mama. Usitutie aibu."

Quandt akanitazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi. "Rettenbacher angekuwa hai, angenishukuru."

"Angekuwa hai, angekuburuta nje kwa sikio."

Nilikataa kuimba. Siku yenyewe nilikaa kando ya Bibi Zenzi. Sikuwa na moyo wa kumwambia kinachokuja, maana alikuwa amevaa gauni lake la harusi la zamani, jeusi kama walivyovaa maharusi wa enzi zake, na alifurahi kama mtoto. Kwaya ilipoimba, aliifuata kwa midomo neno kwa neno, hadi pale pa siku zote. Hapo akashusha pumzi, akainua uso.

Kengele zikalia. Wenyeji tukainamisha vichwa kwa aibu, lakini wageni wa mjini wakasimama wakapiga makofi, kanisani, Ijumaa Kuu, mbele ya msalaba uliofunikwa. Padri naye akapiga. Quandt akainama huku na huku, jasho likimng'aa kama siagi.

Bibi Zenzi akanivuta mkono. Uso ulikuwa umemshuka.

"Burgl, kengele zimerudi? Ni Pasaka tayari?"

Akageuza sikio kuelekea kwaya.

"Nimesinzia, eti? Mwisho wa Alois umenipita?"

"Haujakupita, bibi," nikamwambia. "Bado haujaandikwa."