Pembeni mwa Shairi

Mukabalisa, jirani wa ukuta kwa ukuta, anaapa kwamba mashini ilimeza kitabu kizima kwa muda ule yeye alipokuwa anamenya ndizi tatu. Si nne, tatu. Ilikimeza, ikanyamaza kidogo kama muntu anayesafisha koo, kisha ikaanza kukisoma kwa sauti ya binti aliyeshiba, bila kuvuta pumzi. Ilipomaliza shairi ikalieleza: mshairi alikusudia hiki, neno hili limesimama mahali pa lile. Papa Gratien fundi viatu akavua kofia.

"Kofia, Védastine! Ile kofia havuagi hata kanisani."

"Weye ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa dirishani. Miguu ilikuwa inje, macho yalikuwa ndani." Mukabalisa akapisha ndoo yake pembeni ya bomba. "Na weye sasa, bitabu bikiisha kwenda, utapanguza nini? Utapanguza upepo?"

Védastine alicheka kwa adabu, akajitwika maji. Njia nzima kicheko hakikumfika tumboni.

Nyumba ya kusomea ilikuwa kwenye mteremko wa Kamembe, bati lake limeelekea ziwa, na asubuhi isiyo na ukungu uliona mpaka mapaa ya Bukavu ng'ambo. Védastine aliifanyia kazi mwaka wa saba sasa. Shule ilimwishia darasa la sita. Yaliyobaki aliyapata humo, ufagio ukiwa umeegemea rafu. Alifagia, alianika vitabu juani visije vikaota ukungu, akavivika majalada ya karatasi za mifuko ya saruji kwa gundi ya unga wa muhogo. Mchwa waliipenda sana gundi ile.

Lakini kilichoifanya nyumba ile isifanane na nyingine ni penseli. Kila meza ilikuwa na yake, imefungwa kwa kamba kama mbuzi. Desturi hiyo iliwekwa na marehemu Ladislas, mtunzaji wa kwanza. "Kitabu kikikusalimia, kiitikie," alikuwa akisema. "Ama ni muntu gani weye, unapita salamu kimya?" Basi watu waliitikia. Madereva, wauguzi, wauza nyanya waliokimbia mvua; kila mmoja aliandika pembeni mwa ukurasa alichokiona, na aliyefuata akamjibu. Alikuwepo mseminari mmoja aliyesahihisha kila mtu, hata waliokwisha kuzikwa.

Na alikuwepo Joselyne, mama yake Védastine, muuza sambaza, dagaa wa ziwani, kutoka Nkombo. Kila Alhamisi, akishamaliza samaki sokoni, alingojea mtumbwi wa kurudi kisiwani kwa kukaa pale dirishani, ili harufu yake itoke inje na isiudhi wenzake. Alifuta mikono kwenye kitenge mara mbili kabla ya kugusa karatasi. Hata hivyo mafuta ya samaki yaliacha alama, madoa madogo ya rangi ya chai.

Kitabu chake kilikuwa kimoja: mashairi ya mwalimu Buhendwa, kurasa arobaini zilizopigwa kwa mashine ya taipu na kushonwa kwa uzi. Mwalimu aliandika kwamba taa za wavuvi ni nyota zilizoshuka kunywa maji. Pembeni, kwa herufi zilizosimama kama miti ya ua, Joselyne akaandika: *Nyota hazinuki mafuta ya taa. Huyu alikuwa ufukweni.* Chini yake mkono mwingine ukamtania: *Mama wa samaki, mwache mshairi aote.* Naye akajibu wiki iliyofuata: *Aote, lakini alowe miguu.*

Védastine alijifunza kusoma kweli kwa ugomvi huo. Mama alipokufa, hakuna picha aliyoiacha ila ile ya kitambulisho. Kitabu kilikuwa na sauti.

Ndipo Cyusa alipokuja, kijana mpole kutoka Kigali, na mashini zake mbili. Siku kumi alifungua vitabu na kuviwekea taa nyeupe, ukurasa baada ya ukurasa, mashini ikivinakili kwenye kompyuta. Siku hiyo, ya mwisho, alikuwa anafunga vitabu vyenyewe katika maboksi. Gari lingekuja saa sita, livipeleke vitabu vikasagwe viwe karatasi mpya; wenye nyumba walikuwa wamekwisha kutia sahihi orodha. Mezani penseli ziliondolewa kupisha kompyuta. Zilibaki kamba.

Papa Gratien alikuwa amefika mapema, kofia mkononi. Macho yalimkataa miaka sita iliyopita. Alishona viatu kwa kupapasa.

"Nisomee tena ile ya taa, Cyusa."

Mashini ikasoma. Mzee akafumba macho, uso wake ukalainika kama ngozi iliyolowekwa.

"Ina sauti nzuri," alisema. "Tatizo ni moja. Haikohoagi. Muntu asiyekohoa, utamkatiza wapi?"

Cyusa akacheka, lakini Védastine hakucheka. Alikuwa ameinama mbele ya kioo cha kompyuta. Ukurasa ulikuwa mweupe kama shuka la hospitali. Maneno ya mwalimu yalikuwa palepale, yamenyooka. Pembeni hapakuwa na kitu.

"Kaka Cyusa. Maandishi ya pembeni yamekwenda wapi?"

"Ile michoro? Mashini inaisafisha yenyewe, dada. Inajua maandishi ya kitabu, hayo mengine inayaona ni uchafu. Hata madoa imetoa. Angalia, kimekuwa kama kipya."

Alisema kwa fahari, kama mtu aliyekufulia nguo bila kuombwa.

Védastine aliangalia. Hakujua kugombana, alijua kungoja. Akaenda kwenye boksi la nne, akatoa vitabu vya juu kimoja kimoja, akavipanga sakafuni, mpaka akakifikia. Jalada la mfuko wa saruji alikivika yeye mwenyewe.

Akakifungua mwisho. Shairi la mwisho la Buhendwa lilikuwa fupi, na mstari wake wa chini ulisema: *Anayengojea ndiye anayesafiri mbali.* Pembeni Joselyne alikuwa ameandika neno moja, amelikandamiza hadi karatasi ikakaribia kutoboka: *Uongo.* Baba yake Védastine alikuwa amevuka kwenda Congo kutafuta kazi mwaka ule mama alipoliandika.

Chini ya neno hilo palikuwa na mengine mawili, kwa penseli nyingine, herufi zimepungua nguvu, ile miti ya ua imeanza kuanguka: *Leo nimeelewa.*

Leo gani? Hakuweka tarehe. Alielewa nini? Miaka mitano Védastine alikuwa akiurudia ukurasa huo, mkono wake mwenyewe haujawahi kuandika neno ndani ya kitabu chochote. Alijiona mfagiaji tu. Sasa akachomoa penseli iliyotolewa mezani, aliyoihifadhi ndani ya kitambaa cha kichwa tangu asubuhi, akaandika taratibu chini ya mama yake: *Uliona nini, mama?*

Inje honi ikalia.

"Dada, nipe hicho, gari limefika," alisema Cyusa, ukanda wa gundi umening'inia kwenye kidole.

"Kwanza soma hapa. Si ya katikati. Ya pembeni." Akamwekea kitabu mkononi. "Halafu uniachie hiki kimoja. Kwenye orodha andika kililiwa na mchwa. Mchwa hawatakuja kukataa."

Papa Gratien akageuza sikio lake upande wao.

Cyusa aliangalia mlango, akaangalia kitabu. Akasoma. Akarudisha ukurasa nyuma, akasoma tena, akarudi mpaka kwenye taa za wavuvi. Hapo akacheka puani, kidogo, kama mtu aliyetaniwa na shangazi. Honi ikalia mara ya pili. Hakuinua kichwa. Kwenye ukurasa wa mwisho akasimama, midomo ikitikisika, naye Védastine akangoja jibu lake.

Mkono wa kushoto wa kijana ukaenda mezani peke yake, ukapapasa, ukaifuata kamba hadi mwisho wake, na mwishoni hapakuwa na penseli.

Ilikuwa mkononi mwa Védastine.