Alichosema Binti wa Msituni

Letisia alimtambua Tarsis kabla hajavua kofia. Miaka ilikuwa imemnenepesha shingo na kumpunguzia nywele, lakini mwendo ulikuwa uleule, wa mtu anayeingia nyumbani kwa watu kama anayekwenda kuchukua mzigo wake stoo.

"Kamwene," alisalimia mlangoni, kwa Kibena cha kwao.

Letisia hakuitikia. Aliyeitikia ni Jacob, mumewe, mtu asiyependa ugomvi hata na kuku wa jirani. Akamvutia mgeni kiti karibu na jiko la mkaa, maana Makambako siku hiyo ilikuwa na upepo wake na manyunyu juu yake. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, watu wameshakula, na pale sebuleni kwao, kata ya Kitandililo, televisheni ilikuwa imewashwa.

Rejoice, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya televisheni, aligeuka. Alikuwa kidato cha pili sasa, mrefu, na macho ya marehemu mama yake.

"Mama mdogo, huyu ni nani?"

"Baba yako," Letisia alisema. "Yule aliyekuzaa."

Aliliachia neno hilo lianguke lenyewe, kisha akaendelea kumenya viazi. Alikuwa amemlea Rejoice tangu dada yake Margareth alipofariki kule Igwachanya, mtoto akiwa bado anashikilia sketi za watu wazima ili asianguke. Margareth aliugua, Tarsis akaaga kwamba anakwenda Chunya kwenye dhahabu kutafuta cha kumtibia, akasema atarudi upesi. Kwenye matanga watu walimwulizia mpaka wakachoka kumwulizia. Sasa alikuwa na biashara ya mbao Njombe mjini, mke mwingine, na jaketi la ngozi.

"Shikamoo," Rejoice alisema.

"Marahaba, mwanangu." Tarsis aliangalia televisheni. "Mnaangalia nini?"

"Filamu ya zamani," Jacob alisema haraka, kama mtu aliyepata pa kushika. "Huyu ameshaiona mara nyingi, lakini haimchoshi."

Ilikuwa filamu ya Wazungu, rangi zimepauka, na juu yake sauti ya mtafsiri wa Kiswahili anayepiga kelele kama yuko sokoni. Ndege ndogo imeanguka katikati ya msitu mkubwa wa mvua. Baba anamwacha mke wake aliyevunjika mguu, pamoja na binti yao mdogo, anakwenda kutafuta msaada. Mama anafia pale chini ya mti. Watu wa msituni, waliojipaka udongo mwekundu, wanamzika, wanambeba mtoto, wanamlea hadi anakuwa mwanamke wa kabila lao. Sasa filamu ilikuwa imefika mahali ambapo baba anarudi, mvi kichwani, na nyuma yake askari wenye bunduki.

"Mzee mzima kaingia msituni!" mtafsiri alipaza sauti. "Leo washenzi watamtapika mtoto wa watu!"

Tarsis alicheka. "Si ndiyo? Watu wanaiba mtoto, halafu wanajifanya wazazi."

Kisu cha Letisia kilisimama. "Hawakumwiba. Walimkuta pembeni ya maiti ya mama yake."

"Baba yake alikuwa hai."

"Nani angejua? Hakuwepo."

"Jamani," Jacob alisema, "hiyo ni filamu."

Hakuna aliyemsikiliza. Kwenye televisheni askari walichoma kijumba cha kwanza, na Tarsis akafungua begi lake. Akatoa sweta la shule la bluu, bado liko kwenye nailoni, akalilaza magotini.

"Shemeji, sikuja kugombana. Nimeshaongea na mkuu wa shule pale Njombe. Nafasi ipo. Likizo ikiisha, Rejoice anaanza kule. Nimekuja kumchukua."

"Usiniite shemeji. Ushemeji wetu umelala kaburini Igwachanya, na sidhani kama hata unajua kaburi ni lipi." Letisia alisimama, maganda yakamwagika kutoka mapajani. "Umeshaongea na mkuu wa shule! Sisi tuliomlea umeongea na nani? Yeye mwenyewe umeongea naye?"

"Naongea sasa. Damu yangu siiombei ruhusa."

Jacob aliinuka, akaketi tena. Rejoice alikuwa amebaki vilevile, mgongo umenyooka, anaangalia filamu kana kwamba chumba hakina mtu. Msichana wa msituni alikuwa amesimama kati ya baba yake na wale watu wenye udongo mwekundu. Alifungua kinywa, na mtafsiri akamrukia: "Baba! Waliniteka, baba! Nitoe kwa hawa wanyama!"

"Umesikia?" Tarsis alimwambia Letisia.

"Hasemi hivyo," Rejoice alisema.

Wote walimgeukia. Alichukua rimoti ya deki, akarudisha nyuma, akaongeza sauti. Chini ya kelele za mtafsiri palikuwa na sauti nyembamba ya Kiingereza, ambayo mtu asiyesogea karibu hawezi kuipata.

"Anasema hivi. 'Nilikungoja. Mama alikungoja mpaka akaacha kuongea. Waliokuja ni hawa.' Basi. Hakuna mahali anaposema alitekwa."

Mkaa ulipasuka kwenye jiko. Tarsis alikuwa amelikunja lile sweta bila kujua, nailoni inalia vidoleni mwake.

"Mimi nilirudi," alisema, na sauti yake ilikuwa imepoteza ule upole wa mlangoni. "Nilirudi Igwachanya, Rejoice. Muulize huyu! Mara ya kwanza walinifungia mlango. Mara ya pili mjomba wako Ambrosi alinitolea panga, na mama yako mdogo amesimama nyuma yake, anamwambia asilishushe mpaka nifike barabarani."

Rejoice alimwangalia Letisia. "Ni kweli?"

Letisia angeweza kudanganya. Jacob hakuwepo siku ile, na Ambrosi angemtetea. Lakini hasira yake ilikuwa kubwa mno kujificha.

"Ni kweli."

"Uliniambia hajawahi hata kuuliza kama nipo hai."

"Nilikuambia hivyo. Na akija tena namna ile, nitamfukuza tena. Mimi ndiye niliyemsikia dada yangu akiuliza kila gari linalopita, 'Siyo Tarsis huyo?'"

Rejoice alimgeukia baba yake. "Na wewe, alipokuwa anauliza, ulikuwa wapi?"

"Chunya. Shimoni. Habari zilipofika alikuwa ameshazikwa."

"Na kabla hazijafika? Ulijua anaumwa."

Tarsis aligeukia televisheni, ambako mtafsiri alikuwa bado anapiga kelele. Rejoice akaizima.

"Siendi leo," Rejoice alisema. Alilichukua sweta magotini kwa Tarsis, akalitoa kwenye nailoni, akaingiza mkono mmoja; mkono wa sweta uliishia chini kidogo ya kiwiko. Akalivua, akamrudishia. "Hili ni la mtoto."

Tarsis alivaa kofia. Mlangoni alimwambia Letisia kwamba atakwenda ustawi wa jamii, na mahakamani ikibidi.

"Nenda," Letisia alisema. "Na huko ukawaeleze ulikuwa wapi, maana hapa umeshindwa."

Alidhani ameshinda. Lakini kuanzia jioni ile Rejoice alimsalimia kama mpangaji anavyomsalimia mwenye nyumba. Alifanya kazi zote, hakukosa adabu, na hakumwambia neno lisilokuwa la kazi. Jacob alijaribu kuwasuluhisha, akaambiwa na wote wawili anyamaze.

Jumamosi moja asubuhi, shule zikiwa zimeshafunguliwa, yeye na Letisia walikuwa wakipalilia maharage, Rejoice alipoegemea jembe.

"Likizo ya Juni nakwenda Njombe kwa baba. Sihamii. Nataka anieleze habari za mama kwa mdomo wake, hata kama ni uongo. Za kwako nimeshazisikia, na nazo zilikuwa na uongo ndani."

"Atakuumiza."

"Na wewe umeniumiza."

Letisia alipalilia mpaka mwisho wa tuta bila kuinua kichwa. Alikata na miche kadhaa ya maharage yenyewe, akaifukia kwa mguu. Alipofika nyumbani, bila kunawa mikono, alichukua simu ya Jacob, ambamo namba ya Tarsis ilikuwa imehifadhiwa, akampigia.

"Atakuja Juni," alisema. "Kwa kutaka mwenyewe. Atakuuliza maswali, na utamjibu. Ukiaga unakwenda mahali ukamwacha peke yake na huyo mkeo, hata kwa nusu siku, nitakuja Njombe mwenyewe."

Tarsis akauliza, "Unanitisha?"

"Ndiyo," Letisia alisema. "Nakutisha."

Akakata simu, akakaa kizingitini, akimsikia Rejoice nyuma ya nyumba akiteka maji.