Chetezo Hakitoki

Ofisa Mahrous wa wizara ya afya alikuja Ashkhara, mji wetu wa pwani ya Omani, kusikiliza maoni ya wananchi, na wananchi ndio tuliomsikiliza yeye.

Huduma za afya zinapangwa upya: vituo vidogo vipunguziwe kazi, hospitali kubwa ziongezewe vifaa. Ukiusoma mpango huo, utaupigia makofi. Kwangu mimi maana yake ni moja, mashine ya kusafisha damu inayomweka hai mume wangu, Thuwaini, inahamia Sur, mji wa mbali. Tulijaribu safari hiyo wakati mashine ya hapa imeharibika. Niliendesha mimi, naye akanizimikia garini.

Majirani waliojaa majlisi yangu, sebule ya wageni, wote waliniahidi kuwa watasema. Ikaja halua, ikaja kahawa. Wakaulizana habari za mvua na bei ya samaki. Mgeni, ambaye mamake alizaliwa Unguja, akataka kujua wazee wetu walikaa mtaa gani huko. Malindi! Basi wakatajwa watu wote wa Malindi, wazima na marehemu, nami nimekaa mlangoni damu inanichemka.

Kwetu mgeni haondoki mpaka afukizwe udi. Chetezo kikizunguka, ndiyo ruhusa yake ya kuondoka. Nilipomwona Mahrous anatazama saa, nikaingia jikoni, nikakitia chetezo na makaa yake ndani ya oveni, nikafunga. Nikarudi.

"Mwanangu Mahrous, kahawa umeshakunywa. Ile mashine inabaki au haibaki?"

Jirani yetu Khattab, aliyeapa kuwa atakuwa wa kwanza kusema, akaanza kumenya chungwa. Thuwaini akanyanyuka polepole, akatoka. Nilidhani anakwenda chooni.

"Maoni yako tumeyapokea, bibi," akasema Mahrous. "Yatafikishwa panapohusika, inshallah."

"Hayo si maoni, ni swali."

"Naam. Na swali pia litafikishwa."

"Basi kaa, baba. Udi hautoki mpaka nijibiwe."

Watu wakatazama zulia. Mahrous alikuwa ameshajiinua nusu, akakaa tena. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, na ule utamu wa Malindi ukamtoka usoni.

"Kusema kweli, bibi," akasema kwa sauti ndogo, "hata mimi nilipoambiwa habari ya mashine hii, nili..."

Mlangoni akatokea Thuwaini na chetezo. Miaka yote hii ya ndoa, anajua ninapoficha vitu. Moshi ulimfunika uso, naye amekishika kwa ule mkono wake wa sindano za mashine.

"Mgeni hafungwi, Kaltham," akaninong'oneza. Kisha akapaza sauti: "Tunashukuru sana, ustadh. Sisi hatuna shida yoyote."

Mahrous akajifukiza ndevu harakaharaka, akashukuru, akavaa viatu. Nikamsikia uani akimwambia Khattab kuwa watu wa huku, mashallah, ni waungwana. Nilikuwa na hamu ya kukitupa kile chetezo baharini.

Mlango ulipofungwa, Thuwaini akajishusha juu ya mto, pumzi zimemwishia.

"Hiyo siku ya kwanza ya Sur," akaniuliza, "tutoke saa ngapi?"