Aliyebebwa Hasemi

Akiwa amelala chali juu ya machela, kibuyu cha maji kifuani, Kemirembe hakuuona mlima wala umati. Alikiona kisogo cha Uwitonze. Kilikuwa kisogo kizuri, nywele zimesukwa upya kwa ajili ya mashindano, na mti wa machela ulikuwa umelala begani mwake kana kwamba ni pambo. Watu waliojipanga kando ya njia pale Nyakatuntu walianza kuliita jina lake hata kabla firimbi haijapulizwa.

"Uwitonze! Leo tuimbie mpaka juu!"

Uwitonze akainua mkono kuwapungia. Machela ikayumba, na tone la maji likamwangukia Kemirembe shingoni. Hata kisogo chake kina mashabiki, aliwaza, akafumba macho.

Kikundi kilikuwa chake. Hakuna aliyelikana hilo, ila hakuna aliyelisema tena. Alikuwa amerudi Kibingo kutoka chuo kikuu na shahada ya maendeleo ya jamii, akakuta kazi pekee inayomsubiri ni kupalilia migomba ya mama yake. Hakuidharau. Lakini kila ombi la kazi lililokosa majibu lilimpunguza kidogo, hata akaanza kuogopa kwamba iko siku angejitazama kwenye kioo na kuuona ukuta tu. Ndipo alipoanza kukimbia asubuhi, peke yake, kwenye barabara nyekundu inayopita katikati ya mashamba ya kahawa.

"Binti, unafukuzwa na nani?" waliuliza wazee waliokuwa wakienda shambani.

"Anafukuzwa na shahada yake," alijibu mmoja wao, na wote wakacheka.

Aliyemwokoa na kicheko kile alikuwa Benadeta, jirani yao mnene mwenye shinikizo la damu, ambaye waganga walikuwa wamemwambia atoke jasho. Asubuhi moja alimkuta Benadeta amesimama barabarani na raba za mumewe, kanga imefungwa kiunoni. "Twende, mwanangu. Lakini ukinikimbia nitakulaani." Wakaenda. Baadaye akaja Deodatha, muuza ndizi mwenye ulimi usiolala, kisha wengine, mpaka ikawa kwamba asubuhi bila mchakamchaka wa kina mama ilionekana kama asubuhi yenye msiba. Mmoja akichelewa, wenzake walimgongea dirishani. Walipougua walipelekeana uji. Kemirembe, ambaye alikuwa amesoma vitabu vizima kuhusu jamii, alishangaa kuona kumbe jamii ni watu wanaojua sauti ya kikohozi chako.

Kisha akaja Uwitonze.

Alikuwa ameolewa pale Kibingo na fundi cherehani, akitokea ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza alikimbia nyuma kabisa, kimya. Siku ya pili alianzisha wimbo. Ilikuwa sauti ambayo watu huacha jembe ili kuisikiliza, na miguu ya wale wanawake, iliyokuwa ikijikokota, ikapata mbawa. Haukupita muda wakawa hawaulizi tena, "Kemirembe yuko wapi?" Wakawa wanauliza, "Uwitonze amekuja?"

Wivu ulimwingia kama funza. Mwanzoni ulimwasha kidogo tu, kiasi cha kuona raha kujikuna. Alikosoa kasi ya Uwitonze, viatu vyake, namna alivyoonja sifa kwa kuinamisha macho. Aliporudi nyumbani alijiambia kwamba hana baya naye, na usiku ule ule akaota Uwitonze amepotewa na sauti. Aliamka na furaha, kisha akalia kwa sababu ya ile furaha.

Habari za mashindano zililetwa na Vero, muuguzi wa zahanati. Vikundi vya mazoezi kutoka kata mbalimbali, pamoja na kikosi cha wauguzi wa Nyakahanga, vingepanda mlima wa Nyakatuntu vikiwa vimebeba mtu kwa machela, kama wazee walivyobeba wagonjwa kabla ya pikipiki, na kama wanavyobeba hadi leo mvua inapoiharibu njia. Aliyebebwa angeshika kibuyu kilichojaa maji. Kufika mapema kulikuwa na alama zake, na maji yaliyobaki yalikuwa na zake. Wahisani walikuwa wamechanga bajaji ya kubebea wagonjwa, na washindi ndio wangechagua zahanati ya kuipeleka.

Benadeta alisikiliza mpaka mwisho bila kutania, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mtoto wake wa mwisho anaitwa Muhanda, yaani njia, kwa sababu alizaliwa njiani, juu ya machela, wabebaji wakiwa wamegeuza nyuso. Mtoto alipona. Pacha wake hakupona.

"Bajaji hiyo ni yetu," alisema.

Ilipofika kugawana nafasi, Kemirembe alikuwa na hakika kwamba angeshika mti wa mbele. Wa mbele ndiye macho ya wote.

"Mbele akae Uwitonze," Deodatha alisema. "Yeye ana pumzi na ana wimbo. Kemirembe tumlaze. Ni mwepesi kama ganda la maharage."

Walicheka kwa upendo, na upendo ule ndio uliomchoma. Alianzisha safari, sasa amefanywa mzigo.

Walifanya mazoezi kwenye mteremko wa nyuma ya kanisa. Uwitonze aliimba, wenzake wakaitikia, na miguu yote ikatua kwa pigo moja. Kwa mtazamaji ilipendeza sana. Kwa aliyelala juu, kila pigo lilipanda kwenye miti, likaingia mgongoni na kuurusha mwili.

"Wimbo unanitikisa," Kemirembe alisema walipomtua. "Mkikanyaga wote kwa pamoja, machela inaruka. Maji hayatabaki."

Deodatha akaweka mikono kiunoni. "Wimbo unakutikisa, au mwimbaji?"

Kicheko kikalipuka. Uwitonze naye alicheka, ingawa alimtazama Kemirembe kidogo zaidi kuliko wengine, kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Kemirembe akajifanya anafunga kamba za viatu. Lililomuumiza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakujua jibu. Ukweli wake ulikuwa umevaa nguo za wivu, nani angeutambua?

"Isitoshe," Deodatha aliongeza, "aliyebebwa hasemi. Hukufundishwa na bibi yako?"

Alikuwa amefundishwa. Kwao, mtu akishalazwa kwenye machela hana mdomo mpaka atuliwe, maana sauti ya mgonjwa huongeza uzito mabegani mwa wabebaji. Haya basi, alijibu moyoni. Sitasema.

Sasa firimbi ilikuwa imelia. Uwitonze alianza kuimba wakiwa bado bondeni, na umati ukapokea wimbo ule kama ulikuwa wake. Miguu ikatua kwa pamoja. Maji yakaruka ukingoni mwa kibuyu, yakamteremkia Kemirembe kifuani, ya baridi.

Angeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa limekaa juu ya ulimi, limekamilika. Lakini mila ilikuwa imempa pazia safi la kujifichia, naye akajifunika nalo. Waache wapande. Huko juu, waamuzi watakapochungulia kibuyu, kila mtu atajua wimbo ulifanya nini. Alijiona akinyamaza kwa heshima huku Deodatha akitafuta pa kuficha uso. Ilikuwa picha tamu. Kila maji yaliporuka, alihesabu ni haki yake inarudishwa. Karibu yao kikundi cha Nyakatuntu kilikuwa kikipanda bila madaha, kila mtu na hatua yake, kama ng'ombe wanaotoka malishoni. Kemirembe aliwaona kwa pembe ya jicho, akaelewa kwa nini maji yao hayamwagiki, akafumba mdomo kwa nguvu zaidi.

Kwenye kona ya mlima walibadilishana wabebaji bila kutua. Benadeta akaingia nyuma, kichwani pa Kemirembe, na uso wake ukatokea juu yake ukiwa kinyumenyume, umeloa, midomo wazi. Hakuwa akiimba. Hakuwa na pumzi ya kuimba. Macho yake yalikuwa yamemwinamia Kemirembe lakini hayakuwa yakimwona yeye.

"Vumilia, mwanangu," Benadeta alinong'ona. "Tunafika. Usilale, tunafika."

Kemirembe akahisi baridi ambayo haikuwa ya maji. Yule mama hakuwa kwenye mashindano. Alikuwa kwenye ile njia nyingine.

"Nyamazeni!"

Sauti yake ilimshtua mwenyewe. Machela ikasita.

"Uwitonze, acha kuimba! Vunjeni hatua, kila mtu akanyage kivyake. Mnanimwaga!"

"Mawe, mama wee!" Deodatha akafoka kutoka ubavuni. "Aliyebebwa hasemi!"

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Uwitonze hakugeuka, hakuuliza, hakungoja Deodatha amalize.

"Wewe sema," aliita bila kutazama nyuma. "Sisi twende."

Umati ukalalamika. "Imba, dada! Mbona umezima?" Uwitonze akapita katikati ya kelele zile kichwa kimeinama, na Kemirembe akasema, "Deodatha, punguza. Wa kushoto, fupisha hatua." Wakatii. Maji yakatulia ndani ya kibuyu, na kilichosikika ni pumzi tu, pumzi za watu tofauti, zisizolingana, zikimpandisha mlimani. Alitamani wamwamini kidogo tu. Kuaminiwa kwa haraka kiasi kile kulimwelemea kuliko dharau.

Walifika pamoja na kikundi cha Nyakatuntu, wauguzi wakiwa bado chini. Mwamuzi akachovya kijiti katika kibuyu kimoja, kisha katika kingine, akavilinganisha. Tofauti ilikuwa upana wa kidole. Bajaji ingebaki Nyakatuntu.

Benadeta aliketi kwenye nyasi, akanywa maji, akapangusa uso kwa kanga. "Haya," alisema hatimaye. "Huku nako watu wanazaa." Akainuka, akaenda kuwapa mkono washindi, na wengine wakamfuata. Deodatha alimpita Kemirembe, akarudi hatua moja. "Kumbe ulikuwa unasema kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe ulimi wangu." Kemirembe akakosa pa kuweka macho.

Gari waliloazima lilikuwa limeachwa bondeni. Walishuka kwa miguu, Uwitonze na Kemirembe wakiwa wa mwisho, wameshika machela tupu, mmoja mbele, mmoja nyuma. Jua lilikuwa limelala juu ya migomba.

"Ulianza kuyahisi maji wapi?" Uwitonze aliuliza.

Ingekuwa rahisi kujibu kwamba ni kwenye kona. Kila mtu alimsikia kwenye kona.

"Toka bondeni," Kemirembe alijibu.

Miti ya machela ilikaza kidogo mikononi mwake, kwa sababu aliye mbele alikuwa ameikaza. Walitembea. Mbuzi alilia mahali fulani mashambani.

"Mimi nami niliyasikia maji," Uwitonze alisema. "Nikaimba kwa nguvu ili nisiyasikie. Watu walikuwa wananipenda sana pale." Kisha akaongeza, bila ukali, "Lakini yalikuwa kifuani mwako, siyo kwangu."

"Najua."

Huko mbele Benadeta aligeuka, akapiga makofi. "Uwitonze! Tuimbie, mama, miguu imekufa!"

Uwitonze akatikisa kichwa. Wenzake wakangoja, wakaona hapana, wakaendelea kushuka kwa ukimya ambao hawakuuzoea, kila mmoja akitazama mahali anapokanyaga. Kemirembe aliutazama mgongo ule mbele yake, fulana imeganda kwa jasho. Hakuwa na sauti. Tangu shuleni alikuwa akiambiwa afungue mdomo tu bila kuimba. Alikohoa. Akaanzisha wimbo ambao bibi yake aliuimba akichambua buni, akauanza juu mno, ukamkwaruza koo. Kuna aliyecheka. Akaendelea mpaka kwenye ule mstari ambao mmoja hawezi kuuimba peke yake, akanyamaza, akasubiri.

Mbele yake, Uwitonze alivuta pumzi.