Kabati la Vioo la Mama Murugi

Jumamosi ilikuwa siku ya kupangusa vumbi. Mama Murugi alifungua fundo la leso, akatoa ufunguo, akafungua kabati la vioo sebuleni kwake Gatitu. Alipangusa vikombe sita vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo havijawahi kuona chai. Akapangusa birika la kauri, kisha kitabu, akafunga.

Kitabu kilikuwa cha bintiye. Shangazi Waithira, nesi wa Nairobi, alimletea Murugi Krismasi ile alipotimiza miaka minane: hadithi ya michoro ya rangi, kuhusu mbuzi mwenye soksi tatu anayetafuta ya nne. Murugi alikishika mpaka shangazi alipoondoka. Mama akakichukua, akakisimamisha kikiwa wazi kati ya vikombe, kurasa mbili zikitazama wageni. Hiyo ndiyo iliyokuwa akili ya nyumba ile. Vitu vizuri vilitazamwa, na wenyewe walikunywa chai kwa vikombe vya bati vilivyobanduka rangi.

Ukurasa wa kushoto, mbuzi amesimama juu ya paa la kanisa. Wa kulia, ameruka, ameshika chapati badala ya mwavuli, na chini wanawake watatu wanakoroga sufuria ya uji. Murugi alimtazama akiwa hewani kutoka Krismasi hadi baridi ya Julai. Alitaka kujua jambo moja tu, kama angeangukia uji.

"Mami, nifungue ukurasa moja tu."

"Na hiyo mikono ya ugali? Hiyo kitabu ni ya wageni."

"Wageni hawasomi."

"Ndiyo maana haijararuka."

Jumamosi moja kuku waliingia jikoni, Mama akakimbia akiacha kabati wazi. Murugi aliweka mguu wa kwanza ndani, akapungua. Akaweka wa pili, akapungua zaidi, hadi akatosha kuketi kando ya birika. Mama aliporudi alikagua vikombe kama vimepata ufa, akamwambia avue viatu, akafunga.

Mle ndani kitabu kilikuwa kikubwa kama mlango. Murugi alifunua ukurasa kwa mikono miwili. Mbuzi hakuangukia uji. Chapati ilimpeleka mbali, wanawake wakamrushia miiko, naye akasikia njaa, akaanza kuula mwavuli kutoka pembeni. Murugi alicheka mpaka vikombe vikalia. Soksi ya nne ilipatikana: wale wanawake walikuwa wakiitumia kuchujia uji. Akarudia mwanzo, akagundua kila ukurasa una konokono mdogo mwenye kofia, akaanza kumtafuta. Kwa mara ya kwanza kitu katika kabati lile kilikuwa kimetumika.

Jumapili akina mama wa kanisa walikuja. Wachuka, mwenyekiti wao, alisogelea kioo.

"Kumbe mlimweka hapa. Ati anakaa safi hivi!"

Walinyweshwa chai kwa vikombe vya bati. Wageni wa vikombe vya dhahabu walikuwa bado hawajazaliwa.

Murugi alipomaliza mara ya tatu aligonga kioo. Alitaka kutoka awasimulie wenzake habari za soksi. Baba yake, Simeon, karani wa chama cha kahawa na msomi wa nyumba, aliongeza sauti ya redio.

"Kesho kuna wageni," Mama alimwambia. Hata kesho yake aliambiwa hivyo.

Baadaye Mwalimu Mkuu Moffat alikuja kuuliza kwa nini mtoto haji shule. Alionyeshwa.

"Mwalimu, nimemaliza!" Murugi aliita kwa sauti yake ndogo. "Mbuzi alikula mwavuli! Nitoe niwaambie!"

Moffat aliinama, akachunguza jalada.

"Amesoma yote, Mama Murugi? Na haina hata doa?"

"Hata moja, Mwalimu."

Moffat alishusha pumzi. Vitabu vya hadithi vya shule alivifungia ofisini tangu vilipoletwa, watoto wasivichafue, na mkaguzi alikuwa ameanza kuuliza nani anavisoma. Aliaga akiwa na furaha, bila kumjibu Murugi.

Jumatatu fundi seremala Ngatia alifika shuleni na mbao, vioo na futi ya kupimia, akaanza kuwapima darasa la tatu mmoja mmoja. Watoto walipanga foleni wenyewe, wakisukumana kuwa wa kwanza. Walikuwa wameambiwa vitabu vitakuwa mle ndani ya kabati.