Kisiamu cha Mama Pelagia

Tabora nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua Kisiamu, lugha ya nchi ya Siamu huko mashariki ya mbali, naye alikuwa seremala wa Ipuli aitwaye Raymundi Lugembe. Lugha yenyewe haikumpa ugali wala mboga. Aliporudi kutoka vitani mwaka wa arobaini na sita, vijana walimzunguka wakitaka aiseme wasikie, wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakamzoea wakaenda kutafuta kichekesho kingine. Miaka miwili baadaye hakuna aliyemwuliza tena habari za Siamu, isipokuwa mjane mmoja, na huyo hakuwa akicheka.

Mjane huyo alikuwa Pelagia, mama yake Justus. Justus na Raymundi waliandikishwa uaskari siku moja, wakapanda treni moja, na Wajapani wakawakamata pamoja kule Bama. Wakavushwa hadi Siamu kuchimba na kubeba mawe ya reli. Walipotoroka kambini, mzee mmoja wa kijijini, jina lake Kham, akawaficha miezi saba kwenye banda lake la mpunga, huku akijua kuwa wakionekana atakatwa kichwa yeye na wanawe. Justus alikufa kwa homa katika banda lile, masika ya kule yakiwa yamepamba moto, mwezi mmoja kabla ya vita kwisha. Mwezi mmoja tu! Raymundi alikuwa na hasira na huo mwezi kuliko alivyokuwa na hasira na Wajapani.

Lugha walijifunza kwenye banda hilo. Walikuwa hawana kazi mchana kutwa ila kulala kifudifudi na kusikiliza watu wakipita nje ya ukuta wa mianzi. Kule kambini wafungwa wa Kizungu walikuwa wameishindwa kabisa lugha hiyo, kwa sababu neno moja likipandishwa sauti ni kitu hiki na likishushwa ni kitu kingine, na Mzungu anasema maneno yote kwa sauti ya kuamuru. Watoto wa Kinyamwezi hawakuona ajabu. Kinyamwezi cha mama zao nacho kinapanda na kushuka, na sikio lilishafundwa tangu mgongoni. Baada ya miezi mitatu Justus alikuwa akitaniana na binti wa mzee Kham, na Raymundi, aliyekuwa mzito kidogo wa ulimi, alikuwa anaelewa karibu kila kitu.

Pelagia alikuja kwa Raymundi mara ya kwanza Jumapili moja baada ya misa, akakaa kwenye benchi la karakana bila kukaribishwa, akasema anataka kufundishwa. Raymundi alidhani mama wa watu amechanganyikiwa na majonzi. Akamwuliza, kwa adabu, lugha ile ataifanyia nini.

“Mwanangu amelazwa kwa watu,” alisema Pelagia. “Huwezi kuingia nyumba ya watu ukaanza kuongea na mwanao kabla hujawaamkia wenye nyumba. Mimi kila nikimwombea nasikia aibu. Napita tu kama sijafunzwa.”

Basi wakaanza. Salamu kwanza, kisha asante, kisha maji, moto, wali, mvua, mtoto. Mama huyo hakujua kusoma hata jina lake, lakini alikuwa na sikio ambalo Raymundi hakuwahi kuliona kwa mtu yeyote. Alirudia neno mara mbili likakaa. Alikuja kila Jumapili na kikapu chake cha karanga, akibangua huku akitamka, na akikosea alijigonga goti akaanza upya. Raymundi alizikataa kazi mbili za siku ya Jumapili kwa ajili yake. Hakumwambia mtu, lakini ile saa moja ilikuwa ndiyo saa pekee katika juma zima ambayo kifua kilimlegea. Lugha hii ilikuwa inamtoka neno baada ya neno kwa kukosa wa kuzungumza naye, na mwanamke huyu alikuwa anamrudishia.

Na kila Jumapili Raymundi alimdanganya. Alikuwa amemwambia tangu siku ile aliyopeleka habari za msiba, mbele ya ukoo wote, kwamba Justus amezikwa kando ya mto, chini ya mianzi, na kwamba yeye Raymundi kwa mikono yake alichonga msalaba na kuandika jina. Alieleza mpaka aina ya mbao. Pelagia alimshika mikono yote miwili akalia juu yake, mikono iliyochonga. Baada ya hapo ungemwambia nini tena?

Mwezi wa tano ikaja barua bomani. Abbasi, karani aliyekuwa akishughulika na mambo ya askari wa zamani, alimwita Pelagia akamsomea. Serikali ilikuwa inakusanya makaburi ya askari yaliyotawanyika kando ya reli ile ya Siamu ili wote walale mahali pamoja, kila mmoja na jiwe lake lenye jina na dini yake. Kaburi la Justus lilikuwa limetafutwa mahali palipotajwa na halikuonekana. Shahidi, yaani Raymundi, aliombwa aeleze vizuri zaidi: hatua ngapi kutoka mtoni, upande upi wa kijiji, mti gani.

Pelagia hakungoja Jumapili. Alifika karakana asubuhi ya Jumanne, amevaa kanga yake ya misa, na uso wake ulikuwa umepungua miaka kumi. Raymundi akaweka randa chini, akamwamkia shikamoo.

“Marahaba, baba. Jiwe, Raymundi. Jiwe lenye msalaba.” Akaketi. “Sasa nipimie. Toka mtoni ni hatua ngapi?”

Raymundi akasema mito ya kule inahama na mvua. Akasema mianzi nayo huota haraka ikafunika mahali. Akasema askari wa makaburi pengine walikwenda kijiji kingine, maana majina yanafanana. Pelagia aliyasikiliza yote kwa utulivu na akayapanga, mto, mianzi, majina, kisha akasema vema, yote hayo yataandikwa, lakini hatua ni ngapi. Hapo Raymundi akaona kwamba akitaja namba, watu watakwenda kuchimba tena, na wasipoona wataandika tena, na mama huyu atakuja tena na kanga yake ya misa, mwaka hata mwaka. Akaogopa hilo kuliko alivyoogopa kusema.

Akasema hakuna kaburi. Akasema walimchoma moto, kama wanavyofanya kwa wafu wao wenyewe, na majivu yakapelekwa mtoni.

Pelagia hakupiga ukelele. Alikaa akitazama vumbi la mbao sakafuni.

“Wewe ulikuwa wapi?”

“Nilikuwepo, mama.”

“Walikuuliza?”

“Waliniuliza.”

“Ukaelewa ulichoulizwa?”

Hapo palikuwa na mlango wazi. Angeweza kusema hakuelewa, kwamba lugha ilikuwa bado changa, na hakuna mtu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo ambaye angembishia. Lakini aliyeuliza alikuwa mwanafunzi wake. Raymundi alikuwa amekwisha kumhadithia, Jumapili baada ya Jumapili, jinsi walivyokuwa wanaelewa kila kitu baada ya miezi mitatu tu.

“Nilielewa,” akasema.

Akamweleza ilivyokuwa. Mzee Kham alikuja mlangoni mwa banda asubuhi ile na mvua ikimchuruzika, akachuchumaa, akauliza: tumchome, kama sisi? Basi. Na Raymundi akasikia swali hilo kwa masikio ya Unyamwezi. Kwetu mzee haulizi ili ajibiwe. Mzee ameshaamua usiku kucha, na asubuhi anakuuliza kwa heshima tu, ili uitikie ndiyo baba na jambo liende. Kijana anayesema hapana kwa swali la namna hiyo amevunja nyumba. Na huyu alikuwa mzee aliyewalisha miezi yote ile na kuuweka uhai wake rehani. Raymundi akainamisha kichwa akaitikia. Mzee akangoja kidogo, akamwuliza mara ya pili, polepole, na Raymundi akaitikia mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, akidhani anaonyesha adabu zaidi.

“Neno la kukataa ulikuwa hulijui?”

“Nilikuwa nalijua.”

Pelagia akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, kwamba babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi wa pembe, akaugua njiani Ugogo. Wenzake wakamwegesha kwenye kichaka, wakaugawana mzigo wake, wakaendelea kwenda pwani. Walipopita hapo wakirudi hawakuona hata ukucha. Bibi yake alikufa akiwa hana pa kumwaga pombe wala pa kuweka mkono.

“Wale walikuwa na msafara,” alisema. “Walikuwa na haraka. Wewe ulikuwa na haraka gani?”

Kwa kuwa alishaanza kusema kweli, Raymundi aliona afadhali aimalize yote, hata ile aliyokuwa ameapa atazikwa nayo. Baada ya majivu kwenda mtoni, binti wa mzee Kham alimwuliza kwa nini amemkatalia baba yake. Raymundi akauliza amemkatalia nini. Binti akampeleka nyuma ya nyumba. Watu wa pale walikuwa wameona wafungwa wa Kizungu wakizikwa kando ya reli, wakajua wageni huzika.

“Mzee alikuwa ameshachimba, mama,” alisema Raymundi. “Shimo zuri, refu kama Justus. Alichimba na mwanawe kwenye mvua ile. Alikuja kuniuliza kwa sababu alitaka kujua.”

Pelagia aliinuka akashika ukingo wa meza ya kazi. Raymundi alitaka kumsaidia, lakini mkono wake ulisimama katikati, akaurudisha.

“Kesho bomani,” alisema Pelagia, akatoka.

Kesho yake walikutana barazani kwa Abbasi. Raymundi hakuwa amelala. Alikuwa amejipanga kusema yote, na ajabu ni kwamba alikuwa na hamu ya kuyasema, aitwe mwongo mbele ya watu na yaishe. Abbasi akafungua jalada, akachovya kalamu, akauliza shahidi anaongeza nini kuhusu mahali pa kaburi.

Kabla Raymundi hajafungua kinywa, Pelagia akasema, “Andika hana kaburi.”

Abbasi akainua macho. Pelagia akaeleza, kwa Kiswahili kizuri cha mjini, kwamba mwanawe alichomwa na wenyeji wake kwa desturi ya nchi yao, kwamba wenyeji hao walikuwa watu wema na wasisumbuliwe tena na watu wenye majembe, na kwamba shahidi huyu alificha kwa kumwonea huruma mama. Hakutaja kwamba Raymundi aliulizwa wala kwamba aliitikia. Abbasi akaandika, akasema jina litakwenda kwenye orodha ya wasio na makaburi. Pelagia akashukuru, akabonyeza kidole chake kwenye wino na kwenye karatasi.

Raymundi alimfuata mpaka nje. Alitaka kumwambia kwamba hakuomba kufichiwa, kwamba ingekuwa nafuu kwake kama angemshtaki. Lakini lililomtoka lilikuwa lingine, na alilisikia likitoka kama sauti ya mtoto anayeomba. Alimwuliza kama atakuja Jumapili.

Pelagia alikuwa anafuta wino kidoleni kwa pindo la kanga. Alifuta mpaka ukaisha.

“Kuja kufanya nini?” alisema. “Niwaamkie wenye nyumba, kisha niseme nimemfuata nani?”

Akamuaga kwa Kinyamwezi, kwa heshima zote anazostahili mtu mzima usiyemjua, akashika njia ya Ipuli. Raymundi alisubiri afike mbali kidogo ndipo naye aifuate njia hiyo hiyo, kwa maana hakukuwa na nyingine.